Baba Anatembea na Nani

Tangu tumzike baba, kinachonitoa machozi si picha yake ya sebuleni wala koti lake ambalo mama amekataa ligawiwe. Ni solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha. Napita zangu sokoni hapa Morogoro mjini, nafika alipo fundi baiskeli, ameshakwangua tyubu, amepaka, anapuliza ikauke, na mimi nasimama pale na mfuko wangu wa nyanya nikivuta pumzi. Juzi fundi mmoja aliniuliza, "Mama, una baiskeli hapa?" Nikamwambia sina. Akaniangalia, akasogeza kisanduku chake cha vifaa karibu na mguu. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe ningemshuku mtu anayesimama tu kunusa.

Wanangu wanasema mimi ni mtu wa kushuku, na ni kweli. Mgeni akinisifia chapati nafikiria anataka nini. Tabia hii nimeitoa kwetu Matombo, kwa watu wa upande wa mama, milimani, ambako nililelewa miaka ile ya ruksa. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka ilivyokuwa. Jana duka halina hata kipande cha sabuni, leo sabuni zimejaa, tena za kunukia, na mitumba, na redio za kila namna. Vitu vilipoingia na watu nao wakaingia, wa kununua hiki, wa kuuza kile, wa kuangalia tu. Hao wa kuangalia tu ndio waliotunyima usingizi.

Baba alirudi kwetu katika kipindi hicho hicho. Kiwanda alichofanyia kazi mjini kilipunguza watu, naye akapunguzwa. Alikuja na sanduku la bati, baiskeli ya Kichina na kopo dogo la solusheni, akakaa barazani. Akakaa siku nyingi. Alikuwa mtu wa Tabora, kwenye nchi tambarare, na milima yetu alikuwa akiitazama kama mtu aliyefungiwa mlango. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuatwa kwa mama. Kwa hiyo baba alilima shamba la wakwe, akalala kwenye nyumba iliyosimama juu ya ardhi ya wakwe, na siku ambayo Mjomba Damiani, kaka yake mama, angesema basi, angefunga sanduku lake akaondoka, na mimi na mdogo wangu tungebaki. Hakuna aliyelificha jambo hilo. Bibi alilisema hata wakati wa kumenya ndizi, baba akiwa anasikia.

Halafu wakaja Wazungu wawili, mume na mke, kila mmoja na baiskeli yake.

Lazima nieleze barabara yetu ilivyokuwa. Daraja la kule chini lilikuwa limebebwa na maji ya masika, na tangu hapo magari hayakupanda tena. Kutoka misheni hadi mtoni ilibaki njia pana isiyo na kitu. Majani yaliota katikati. Kuku walioga vumbi pale ambapo zamani lori la ndizi lilikuwa likipita, na akina mama walitandika mikeka katikati ya barabara wakaanika karafuu, maana hapakuwa na jua zuri zaidi ya hapo. Ukipita mchana, harufu ya karafuu inakushika kooni, ikichanganyika na ya mafenesi yaliyoanguka yakaoza mitaroni. Ndizi zilishuka kichwani mwa watu, au kwenye baiskeli, mikungu miwili huku, miwili huku, mwenyewe akisukuma kwa miguu.

Ndiyo maana hao Wazungu walitisha. Walivuka mto kwa kubeba baiskeli mabegani, wakapanda hadi kwetu wakiwa hawana ndizi. Hawakuwa wageni wa padri, padri mwenyewe alisema hawajui. Hawakuuliza bei ya kitu. Tairi la mwanamke lilipata pancha mbele ya nyumba yetu, na baba, aliyekuwa amekaa barazani wiki nzima bila kunyanyuka, alinyanyuka kama aliyeitwa jina. Akaleta kopo lake. Alipokuwa akizibia, Mjomba Damiani alisogea, akawauliza wanakwenda wapi.

"Sisi natembea tu," akasema yule mwanaume.

"Mnatembea?" mjomba akasema. "Na hizo baiskeli?"

"Ndiyo. Natembea na baiskeli. Naona mashamba. Nzuri sana."

Watu wakatazamana. Walikuwa wamekuja kuona mashamba. Tena yule mwanamke, alipoona tairi limepona, akafungua kidude kilichokuwa kwenye gurudumu lake la mbele akampa baba kama asante. Kilikuwa kidude cha chuma, kidogo kuliko kiberiti, chenye kidirisha cha kioo na tarakimu ndani. Kila gurudumu likizunguka, kipini kwenye spoki kiligonga: ta. Tarakimu ikapanda.

Sasa nanyi jiwekeni mahali petu. Muda si mrefu kabla ya hapo, shamba la mkonge la kule bondeni lilikuwa limeuzwa kwa mtu binafsi. Walikuja watu wa kupima, wakisukuma gurudumu moja lenye mpini mrefu, likilia ta, ta, ta. Baada yao, wakulima waliokuwa wakilima mihogo pembezoni mwa mkonge wakaambiwa watoke. Habari ilipanda mlima mdomo kwa mdomo, na ilipofika kwetu, mnunuzi alikuwa ameshasahaulika. Lililowatoa watu lilikuwa gurudumu.

Na baba akakifunga kidude kwenye baiskeli yake, akaanza kuendesha. Kila siku jua likipungua ukali, alifunga suruali kwa kamba ya katani kwenye vifundo, akatoka na baiskeli isiyo na mzigo, kidude kikilia, akateremka barabara tupu hadi mtoni, mara nyingine akakata kwenye vinjia vya mashamba, akarudi jioni akiwa na uso uliotulia. Aliyemsalimia na kumuuliza aendako alijibiwa, "Natembea tu." Yaleyale maneno ya Wazungu.

Mama hakulala. Lakini mama hakuwa akifikiria mashamba.

"Nenda na baba yako," aliniambia siku moja niliporudi shule. "Kaa kwenye keria. Ukirudi unaniambia."

Hivyo ndivyo nilivyofanywa shushushu, nikiwa darasa la kwanza. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyopenda shule. Nilikaa nyuma ya baba, miguu nimeipanua isiingie kwenye spoki, na tuliposhuka kilima cha kwanza upepo ulijaa mdomoni mwangu nikashindwa kupiga kelele. Barabara yote ilikuwa yetu. Baba aliikwepa mikeka ya karafuu kwa kupinda huku na huku, akapiga kengele kwa ajili ya kuku tu. Aliimba kwa lugha ya kwao ambayo sikuijua, na kwa kuwa sikuijua, nilihisi ananificha kitu. Nyumbani hakuimba kamwe. Mtu anayeimba barabarani tu, nilijiambia, barabarani kuna jambo lake.

Jioni mama alinihoji jikoni huku akipuliza moto. "Mmepita wapi? Amemsalimia nani?"

"Mama Koleta."

"Mama Koleta akafanyaje?"

"Akacheka."

"Alicheka vipi? Hebu cheka nione."

Nikacheka kama Mama Koleta. Mama akasikiliza kwa makini, akaniambia nirudie, halafu akachochea kuni kwa hasira. Mimi nilidhani hajaridhika na ninavyoiga.

Nilikuwa na shaka zangu pia, kubwa kuliko zake. Mama alimshuku Mama Koleta, mjomba alimshuku Mzungu, mimi nilikishuku kidude. Kila kilipolia ta, niliona tarakimu imeongezeka, na kitu hakiongezeki bure, lazima kimetoka mahali. Nikaelewa kwamba kinameza ardhi. Kipande kidogo kwa kila mlio, kutoka pale gurudumu lilipopita, kinaingia ndani ya kioo. Kesho yake asubuhi nilikwenda shambani kwa bibi kuangalia kama limepungua. Migomba ilikuwa palepale, lakini ya mpakani ilionekana kwangu kama imesogea. Tangu hapo, tukikaribia shamba la bibi, nilikuwa nasema, "Baba, nishushe, tutembee kwa miguu." Baba alidhani makalio yanauma. Alishuka, akaisukuma baiskeli, na kidude kililia taratibu, ta, ta, hata hivyo. Nilimtazama usoni kuona kama anajua. Nilimpenda baba na nilimwogopa, na sikujua nimwambie nani.

Kila siku mwisho wa safari ulikuwa mtoni, kwenye nguzo za daraja lililovunjika. Baba alisimamisha baiskeli, akatazama ng'ambo, mahali ambapo barabara inaendelea kwenda mjini. Hakuwa anatazama watu, hapakuwa na watu. Siku moja alinishusha, akanipa ndizi, akasema nimsubiri kwenye jiwe. Akabeba baiskeli begani, akaingia majini. Ilikuwa kiangazi, maji hayakuzidi magoti. Alifika katikati, akasimama. Nilimaliza ndizi, nikaanza kuogopa, nikamwita. Akageuka, akarudi, suruali imelowa.

"Nilikuwa naangalia kina," akasema.

Jioni nilimwambia mama. Safari hii hakuchochea moto. Aliniuliza mara nyingi kama ni kweli alifika katikati tu, na nikasema ndiyo, nusu ya mto. Kuanzia kesho yake alinihimiza mwenyewe. Hata nilipokuwa na homa kidogo alinivika sweta akanipandisha kwenye keria.

Kikao kiliitishwa Jumapili baada ya misa, uani kwetu. Mjomba Damiani alikaa kwenye kiti, wazee wawili wa ukoo kwenye benchi, bibi kwenye mkeka. Baba alipewa kigoda, magoti yakamfika kifuani. Mama alisimama mlangoni na mdogo wangu mgongoni. Nilijua maana ya kigoda kile. Jirani yetu mmoja alikalia kigoda cha namna hiyo mwaka ule, na wiki iliyofuata hakuwepo tena kijijini, na watoto wake waliambiwa baba yenu amerudi kwao.

"Shemeji," mjomba akaanza, "hatujakuita kwa ubaya. Ila watu wanasema. Huna ndizi, huna mgonjwa wa kumpeleka zahanati, na kila siku uko barabarani. Unakwenda wapi?"

"Natembea tu, shemeji."

"Unatembea na nani?"

Baba akanyamaza. Wazee wakainamisha vichwa. Mama alikuwa akitazama sakafu, na niliona vidole vyake vimeikamata khanga ya mtoto. Mimi kimya hicho kiliniudhi, maana jibu nilikuwa nalo, na swali lilikuwa rahisi.

"Anatembea na mimi," nikasema.

Bibi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakohoa, akapiga mkeka kwa kiganja, na mzee mmoja akajifuta macho kwa kofia. "Haya, Damiani," bibi akasema, "mwanamke mwenyewe huyo hapa, muulize!" Hata baba alitabasamu. Sikuelewa nimechekesha nini, nikaona aibu, nikadhani wananidharau kwa kuwa niko darasa la kwanza.

Mjomba peke yake hakucheka. Aliniita kwa upole, nao upole wake ulikuwa mbaya zaidi. "Njoo mjomba. Wewe unakaa nyuma, unaona kila kitu. Kile kidude kinacholia kinafanya kazi gani?"

Nikamtazama baba. Nikatazama shamba la bibi nyuma ya nyumba.

"Kinameza ardhi," nikasema.

Kicheko kikakatika. Mzee aliyejifuta macho akavaa kofia yake. Baba alianza kueleza, kwamba ni mita ya kujua umetembea umbali gani tu, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuharibu, maana neno lililobaki hewani lilikuwa mita. Mjomba akauliza umbali huo anampelekea nani. Baba akasema hampelekei mtu. "Mtu apime bila kumpelekea mtu?" mjomba akasema, na kusema kweli swali lilikuwa zuri. Hata mimi nililisubiri jibu lake.

Hapo mama akasema kutoka mlangoni, "Kesho napanda mimi."

"Dada, hiki ni kikao."

"Kikao na kikae. Kesho mimi napanda hiyo keria, nione kwa macho yangu anakokwenda. Nikirudi mtaniuliza mimi. Msimuulize tena mtoto."

Kesho yake alinipa mdogo wangu nimbebe, akavaa kitenge chake cha kanisani, akakaa upande kwenye keria. Nilikuwa nimejiandaa kwenda. Nilikuwa nimeshafunga viatu. Mama alinitazama tu, akasema, "Wewe baki." Nikawaona wanateremka, baba akikwepa mikeka, mama akiyumba huku na huku, na mlio wa kidude ukizidi kuwa mdogo. Niliwachukia wote wawili. Nikamfinya mdogo wangu, akalia, tukalia wote.

Walirudi kengele ya misheni ikilia ya jioni. Kitenge cha mama kilikuwa kimelowa hadi magotini. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mjomba Damiani, nami nikafuata na mtoto mgongoni. Alipofika akafungua kiganja, akakiweka kile kidude juu ya meza ya mjomba. Kilikuwa kimefunguliwa kutoka kwenye gurudumu.

"Kaka, chukua. Ukitaka kupima, pima mpaka uchoke. Mume wangu hapimi shamba la mtu."

"Na huko mtoni anafuata nini?"

"Nimeona mwenyewe. Yaliyobaki ni ya kwangu na yake."

Mjomba alikigeuza kidude, akakitikisa sikioni kama saa, akakitia mfukoni. Mambo yakaishia hapo. Baba hakuondolewa. Alipewa sehemu nyingine ya shamba, akapanda pilipili mtama, na mwisho wake watu wakamzoea. Jumapili baada ya misa alimpakia mama wakaenda zao kwenye barabara ile tupu, mpaka daraja lilipojengwa tena na magari yakarudi. Mimi sikuhojiwa tena jikoni. Nilikosa keria na nikakosa kazi kwa mpigo, na kwa miaka mingi nilimwona mama kama mtu aliyenipokonya kitu.

Nilimuuliza mara nyingi waliona nini siku ile. Nikiwa mtoto alinituma maji. Nikiwa mwanamwali aliniambia nimezidi udaku. Nilipoolewa alisema, "Una wako sasa, mshuku huyo." Nikaamua kwamba Mama Koleta alihusika, na nimeishi na uamuzi huo hadi juzi.

Juzi, baada ya arobaini ya baba, wageni wameondoka, nilikuwa nakosha masufuria, mama amekaa kwenye mkeka na chai yake. Akasema bila kuulizwa, "Unajua baba yako hakuwa na mwanamke."

"Nani amesema alikuwa naye?"

"Wewe, kwa hayo macho yako. Tangu uliponiambia amevuka nusu ya mto nikajua. Mwenye mwanamke ng'ambo havuki nusu. Alikuwa anataka kwenda kwao."

Nikaacha sufuria.

"Kurudi Tabora," mama akasema. "Moja kwa moja. Kila siku alikuwa anatoka hapa anajiambia leo havunji safari, anavuka. Alikuwa anaona haya. Mwanaume mzima, hana kazi, anasimangwa wakati wa kumenya ndizi. Ila wewe ulikuwa nyuma. Atakuweka wapi?"

Nikakumbuka ile homa na lile sweta. Kumbe kuanzia siku ile ya nusu ya mto sikuwa shushushu tena. Nilikuwa kamba aliyomfungia mume wake, na hakuna aliyeniambia. Iliniuma, nawaambia ukweli, iliniuma kama jambo la leo asubuhi. Katika yote niliyomshuku baba, hilo la kutuacha halikuwahi kunijia.

"Sasa siku ile mbona uliniacha nyumbani?" nikamuuliza. "Kama mimi ndiye niliyemzuia?"

Mama akapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

"Nilichoka kukaa na mtu aliyebaki kwa sababu ya mtoto," akasema. "Tulipofika mtoni nikashuka. Nikaingia naye majini mpaka katikati, baiskeli iko begani kwake. Nikamwambia, leo mtoto hayupo. Vuka."

"Akasemaje?"

"Alisimama pale mpaka nikasikia baridi. Halafu akageuka, akapanda ukingo wa huku, akaiweka baiskeli chini, nikakaa. Akaniuliza kama nimeshika vizuri. Nikamwambia nimeshika, twende."